Shangazi aliitikia miaka 11

Shangazi yangu alikuwa mwitikiaji wa kikundi kimoja cha taarab hapa Ng'ambo, Unguja, kwa miaka 11. Mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, macho kwa mpiga fidla. Mazoezi hakukosa hata masika. Mwimbaji wao mkubwa alipoolewa akahamia Muscat, mtaa mzima tulijua zamu ya shangazi imefika. Viongozi wakapanda boti kwenda Dar es Salaam, wakarudi na mtu.

Nisiwe mnafiki, yule bibi sauti alikuwa nayo. Usiku wa Iddi aliposhika maikrofoni watu walisukumana kwenda kumtunza. Lakini nyimbo za kikundi hakuzijua, na aliyemfundisha beti moja moja, jioni baada ya jioni, barazani kwetu na chai juu yake, ni shangazi. Hakususa. Ikaanza tu "mguu unaniuma", mara "leo nina wageni", mpaka siku moja nikaona kitambaa cha sare yake kimeshonwa foronya.

Haya yamenirudia kwa sababu ya mdogo wangu aliyeko London. Anafanya kazi ya kuwaonesha watu viti vyao katika jumba la opera la Covent Garden, nyumbani kwa Royal Ballet, na simu zake siku hizi ni baleti tupu. Nilidhani wale watu wa kutembea juu ya vidole hawana ugomvi wa kutuhusu. Kumbe wanao, tena ni huu huu: nafasi ya juu ikiwa wazi, apandishwe wa ndani au atafutwe nyota nje? Natalia Osipova alitoka Urusi akajiunga na Royal Ballet mwaka 2013 akiwa tayari mchezaji mkuu. Francesca Hayward, mzaliwa wa Nairobi (naam, jirani zetu hapo), alilelewa na skuli yao wenyewe, akaanzia kundini, ndio mstari wa nyuma wa baleti, mwaka 2010, akafika juu 2016. Mdogo wangu anawapenda wote wawili, kwa hiyo katika ubishi huu hana msaada.

Mimi nina upande. Wa ndani atazamwe kwanza, na sisemi hivyo kwa huruma. Mtu wa mstari wa nyuma anakula tamaa. Siku akijua kwamba mbele hapafikiki, ataitikia kwa midomo, na msikilizaji wa taarab hadanganyiki hapo. Kule New York, Misty Copeland aliingia kundini American Ballet Theatre mwaka 2001, na hakuwa mchezaji mkuu mpaka 2015, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika hapo katika kikundi hicho. Katikati ya miaka hiyo kikundi kilikuwa kikialika nyota kutoka nchi nyingine kuja kucheza nafasi kubwa za msimu. Miaka 14! Yeye alivumilia, na habari yake tunaijua kwa sababu alivumilia. Waliochoka mwaka wa nane foronya zao hatuzioni.

Wala sidai kupandisha wa ndani ni hirizi. Opera ya Paris ina madaraja matano ya wachezaji, na kwa miaka mingi wa chini walipanda kwa mtihani mbele ya majaji. Huko Rudolf Nureyev, mkuu wa baleti yao wakati ule, alimpandisha Sylvie Guillem daraja la juu kabisa mwaka 1984, binti wa miaka 19. Mwaka 1989 binti akaaga, akaenda zake London. Umemlea, umempa kila kitu, na bado anaondoka. Yanatokea.

Mzee mmoja wa barza yetu hunikatiza hapa: "Hata taarab yenyewe si ya kuja?" Ni ya kuja, kweli. Lakini tazama ilivyokuja. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, baada ya kuupenda muziki wa Misri, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, ala ya nyuzi. Aliporudi akafundisha wengine. Kufika 1905 wenyeji walikuwa na kikundi chao, Nadi Ikhwan Safaa, na kipo hadi leo. Ufundi wa mgeni ulibaki mikononi mwa watu wa hapa. Waliotangulia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.

Kwa hiyo viongozi wakitaka kusajili mtu wa Dar au wa Tanga, mimi sizuii. Ninachodai ni kwamba usiku ule ule aliye mstari wa nyuma apewe nyimbo mbili za kusimama mbele, si za kufungulia ukumbi viti vikiwa vitupu, bali katikati, watu wamejaa. Akishindwa, ameshindwa mbele ya macho yetu. Na anayemfundisha mgeni nyimbo alipwe kama mwalimu. Chai ilikuwa ya shangazi, sukari ya shangazi.

Yule bibi alikaa misimu miwili akarudi Dar. Kikundi kikatafuta mwingine. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa na shangazi tukichambua mchele, simu yake ikalia. Ni yule bibi wa Dar, yuko kwenye harusi Magomeni, beti la tatu limempotea. Shangazi akaweka ungo chini, akaliimba lote, mpaka kiitikio.