Somo wa babu

Babu yangu anaitwa Yakobo. Shangazi alipojifungua mtoto wa kiume, yeye na mumewe waliona Yakobo ni jina la kizamani, wakamwita mtoto James. Mzee alisononeka. Nikamwambia, "Babu, huyo ni somo wako." Hakuniamini.

Nikamfungulia Biblia. Katika ya Kiswahili, nyaraka za Petro zinatanguliwa na Waraka wa Yakobo. Katika ya Kiingereza, mahali palepale, pameandikwa James.

Kwa Kiebrania jina ni Ya'akov, na Mwanzo 25:26 inalihusisha na kisigino, kwa kuwa mtoto alizaliwa ameshika kisigino cha Esau, pacha wake. Wagiriki wakasema Iakobos, Kilatini kikaandika Jacobus. Baadaye, midomoni mwa watu wa kawaida, ile b ikageuka m: Jacomus. Hapo ukoo ukagawanyika. Upande wa b wamo Jakob wa Wajerumani na Jakub wa Wapoland. Upande wa m wamo Giacomo wa Italia, Jaime wa Hispania, na James, aliyefika Uingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale. Wahispania pia waliunganisha "mtakatifu" na Iago wakapata Santiago, jina walilolipa mji wa Chile mwaka 1541.

Waingereza wenyewe wana ushahidi. Mfalme James wa Pili aliponyang'anywa kiti mwaka 1688, waliobaki upande wake waliitwa Jacobites, kwa sababu kwa Kilatini James ni Jacobus.

Kinachoniuma ni kwamba tunaona haya kwa jina tulilolitunza vizuri kuliko hao tunaowaiga. Msomaji wa Kiingereza hukutana na Jacob katika Agano la Kale na James katika Agano Jipya, akadhani ni majina mawili. Msomaji wa Kiswahili huona mara moja kwamba yule mvuvi wa Galilaya, mwana wa Zebedayo, alipewa jina la baba wa makabila 12 ya Israeli. Na jirani yake Mwislamu anayeitwa Yakubu anabeba jina la nabii huyohuyo. Jina lenye undugu mpana hivyo, mtu analiitaje la kizamani?

Shangazi hajabadili cheti cha kuzaliwa, wala sikumwomba. Ila siku hizi babu akiwa barazani huita, "Somo!" na mtoto hukimbia kuitika.