Leso za Mamkubwa zisifungiwe kashani

Arobaini ya Mamkubwa ilipopita tulikutana nyumbani kwake Kibokoni, tukafungua kasha. Harufu ya udi ilitupokea kabla hatujaona kitu. Leso, ambazo wengine huziita kanga, jozi juu ya jozi, zimekunjwa pindo likitazama nje, ili aijue kila moja bila kuipekua. Tuliacha kuhesabu tulipofika 60, kwa kilio.

Dada, binti yake mkubwa, akasema kasha lifungwe hivyo hivyo, liwe ukumbusho, asiguse mtu. Mama ni wake na mimi ni mdogo kwake. Hata hivyo kwa hili sikubaliani naye, na naandika kwa sababu najua makasha ya namna hii yamo nyumba nyingi Mombasa.

Mamkubwa hakununua leso kwa kuweka. Akienda mtaa wa Biashara alikuwa akizipekua mpaka apate jina linalomfaa, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya leso. Rangi aliitazama baadaye. "Leso ni jina, mwanangu," alikuwa akiniambia. Kuna mwaka alisingiziwa neno na jirani kwenye harusi. Hakumjibu. Asubuhi yake alianika leso ya "Hasidi hana sababu", jina likaelekea dirisha la yule bibi, ikakauka na bado akaiacha kambani. Siku ya tatu jirani akaingia na sahani ya mahamri imefunikwa kawa. Wakakaa sebuleni mpaka adhana ya Magharibi, na tangu hapo sijasikia wamekosana tena.

Leso hizo ndizo zilizotubeba mgongoni sisi sote. Iliyochakaa aliikata, akatoa mbeleko, na kipande kilichobaki kikawa cha kuepulia sufuria. Siku ya msiba, wanawake walipomuosha, walimsitiri kwa leso yake mwenyewe, ile nyekundu yenye umbo la korosho mjini, yaani katikati yake. Wanaume wakamchukua kwenda kumzika Kikowani, sisi tukabaki ndani. Mimi nilibaki nimeishika ile leso, imeloa maji, na sikuwa tayari kuianika.

Isitoshe, leso yenyewe tangu asili ni kitu cha mkasi na sindano. Jina tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni kitambaa cha mkono, na husimuliwa kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado gora, wakakata sita sita, wakaviunga, wakapata vazi. Vipi sisi wajukuu zao tuzifanye za kutazamwa?

Najua Dada anachokihofia. Leso ikivaliwa itafuliwa, na ikifuliwa mara mbili tatu ile harufu ya mamake imekwenda. Hofu hiyo ninayo hata mimi. Lakini harufu ya udi haipotei kwa sabuni peke yake, na kwa unyevu wa bahari huku kwetu, nguo iliyokaa kashani miaka hutoka madoa kwenye mikunjo yasiyotoka tena. Afadhali zigawiwe: kwa binti zake, kwa wajukuu, kwa yule jirani, na nyingine zitolewe sadaka kwa niaba yake. Zivaliwe mpaka zitatuke.

Chini kabisa ya kasha palikuwa na jozi moja mpya, haijakatwa wala kupindwa. Jina lake: "Japo sipati tamaa sikati." Tulitazamana. Alikuwa amemnunulia nani? Alikuwa ataka kumwambia nini? Hakuna aliyejua.

Nilimuomba Dada anipe hiyo tu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniwekea mapajani. Nikaikata, nikaipinda kwa mkono kama alivyonifundisha Mamkubwa, ingawa yeye alishona mishono midogo kuliko yangu. Kipande kimoja nikampelekea Dada, na jozi haitenganishwi, najua.

Ijumaa iliyopita alikuja kwangu, amejitanda.