Hamu Inayomsubiri Kichochoroni

Wanaofanya kazi na waraibu wa heroini katika pwani yetu wanamjua kijana huyu. Ametoka soba, nyumba ya kuachia uraibu, baada ya miezi kadhaa, mwili umenawiri, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ameshaisahau. Siku moja anakatiza kichochoro alikokuwa akinunulia kete. Tumbo linamsokota, jasho linamtoka, na jioni ameshatumia unga tena. Mtaani wanasema hana nia.

Lawama hiyo simpi. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipochunguza ubongo wa kima, aliona seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo, zikistuka mnyama anapopewa juisi. Kima alipozoea kwamba juisi hutanguliwa na taa, seli zikawa zinastuka kwa taa; juisi ikija, zimetulia. Yaani dopamini huufundisha ubongo ishara ipi ya kufuata. Heroini huimwaga kupita kiasi, somo likakaa: kichochoro, sindano, sauti ya muuzaji, kila kimoja kikawa taa.

Basi tuitibu kumbukumbu yenyewe? Mwaka 2012 watafiti wa China walieleza jaribio lao. Waraibu walioacha walioneshwa video fupi ya heroini ili kumbukumbu iamke, kisha dakika 10 baadaye wakaoneshwa ishara hizo tena na tena bila unga. Hamu ilipungua, na miezi 6 baadaye ilikuwa bado chini. Waliosubirishwa saa 6 hawakupata nafuu hiyo, kana kwamba kumbukumbu ikiamshwa hulainika kwa muda mfupi tu kabla ya kukaza upya. Inatia moyo sana. Ila kilichopimwa ni hamu, na hamu ya kituoni si sawa na rafiki wa zamani anayekunyooshea kete.

Wasioamini kwamba kemia ya ubongo ndiyo chanzo humtaja mtafiti Lee Robins, aliyewafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya 5 alikuwa mraibu wa heroini kule; kati ya hao, takriban asilimia 5 tu walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Kweli, walirudi pia kwa familia na kazi, mambo ambayo dopamini peke yake haiyaelezi. Lakini mimi naona takwimu hizi zinaipa kemia nguvu: taa zao walikuwa wameziacha Vietnam. Kijana wetu tunamrudisha katikati ya taa zake. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, hutuliza arosto na kupunguza hamu, ila haimhamishi mtu mtaa. Kabla hajafunguliwa geti la soba, ningetaka kujua usiku huo atalala wapi.