Miamala Yangu Naiandika kwa Mkono

Programu ninayofuatilia nayo uwekezaji wangu iliwahi kunionyesha kwamba kati ya Juni na Septemba 2023 nilikuwa na hisa hasi 300 za benki moja. Hasi! Yaani niliuza nisichokuwa nacho, halafu baadaye ndiyo nikaenda kukinunua.

Kisa ni tarehe. Dalali wangu wa hisa alinitumia taarifa ya miamala kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, nami nikalifungua kwanza kwenye Excel nifute mistari ya juu yenye jina na anwani. Kompyuta yangu ilikuwa imepangwa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Nilikuwa nimenunua 09/02/2023, mwezi wa pili, Excel ikasoma Septemba 2. Mauzo ya 20/06 hayakuguswa, maana hakuna mwezi wa 20. Ubaya wake uko hapo: baadhi ya tarehe zinageuka, nyingine zinabaki, na salio la mwisho linatoka sawasawa kabisa. Bila ile alama ya kutoa nisingeshtuka.

Tangu hapo sipakui tena mafaili kuyaingiza kwenye programu, naandika kila muamala mwenyewe. Rafiki zangu wananicheka, eti nimerudi enzi za daftari la duka. Sawa tu.

Gawio, ile faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, ndilo limenitesa zaidi. Tuseme una hisa 2,000 na kampuni imetangaza shilingi 50 kwa kila hisa. Hiyo ni laki moja. Kwa kampuni iliyoorodheshwa DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ni asilimia 5, kwa hiyo benki zinaingia 95,000. Faili la benki linajua hiyo 95,000 tu, na programu inaiandika kuwa ndiyo gawio lako lote. Mwaka juzi nilikaa karibu wiki nzima nikiamini kampuni imenipunja, nikaanza hadi kuandaa barua ya malalamiko. Ningeandika mwenyewe mistari miwili, laki moja imeingia na elfu tano imekwenda TRA kwa watoza kodi, nisingejiaibisha mbele ya mke wangu.

Kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Ukichagua gawio lako linunue vipande vipya, faili linaweza kuonyesha manunuzi peke yake. Programu inadhani umetoa hela mfukoni, na faida yako inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Halafu kuna kuhesabu kitu mara mbili. Natuma laki tano kutoka benki kwenda kwa dalali: faili la benki linasema zimetoka, la dalali linasema zimeingia, na programu inaandika matumizi ya laki tano na mapato ya laki tano. Mafaili ya OFX, aina nyingine ya faili la miamala, angalau yanaupa kila muamala namba yake, hivyo ukiingiza faili lilelile mara mbili programu ina cha kulinganisha. CSV ya dalali wangu haina namba yoyote.

Na hisa zikigawanywa? Mwaka 2009 Equity Bank ya Kenya iligawa kila hisa moja kuwa 10. Programu inayochota bei mpya mtandaoni bila kuambiwa habari hiyo itakuonyesha umepoteza asilimia 90 ya mali usiku mmoja. Mwenye presha asiifungue asubuhi.

Anayenunua na kuuza kila siku apakue tu, hana namna, ila akague. Mimi nilihesabu miamala yangu ya mwaka jana: 31. Ni kazi ya saa moja na kikombe cha chai, na kila ninapochapa mstari nakumbuka kwa nini nilinunua kile kitu, au nilivyodanganyika kukinunua.

Masalia ya enzi za kupakua bado yapo. Kuna tofauti ya shilingi 1,840 ambayo mpaka leo sijaiona ilikotoka. Nimeifungulia akaunti yake, nimeiita "Sijui".