Karoti Yenye Mwiba

Kwanza kabisa, sikuanguka ziwani. Yule jamaa yangu wa kitengo cha kufungasha amesambaza sauti ya dakika nne kwenye magrupu, na mpaka jana jioni ilishamfikia mama mkwe wangu kule Magu. Anadai nilizimia, nikatumbukia majini, nikaopolewa na nyavu za dagaa. Uongo mtupu. Nilikuwa juu ya boti muda wote na akili zangu timamu, na hicho ndicho kinachoniuma, maana aliyezimia angalau hakumbuki.

Sasa nasimulia mwenyewe. Mkimaliza kucheka, mfute ile sauti.

Mnaonifuata humu mnaijua kazi yangu. Nipo kiwanda cha minofu ya sangara, nakagua miba. Mnofu ukitoka kwa wakataji unapita mezani kwangu, naupitishia vidole kuanzia shingoni kwenda mkiani, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ukibaki mwiba mmoja ukafika Ulaya, inarudi barua. Mwaka wa sita huu nafanya hivyo. Naomba hilo mlishike, litakuja kuniumbua huko mbele.

Basi wakaja wanunuzi kutoka Uholanzi, bosi akakodi boti ya kuwalisha chakula cha jioni. Msifikirie mtumbwi wala kivuko cha Kamanga. Hii ni boti nyeupe ya ghorofa mbili, ina viti vya mito, ina taa za kumetameta. Unapandia upande wa Capri Point hapa Mwanza, mnapita mwamba wa Bismarck, mnazunguka kisiwa cha Saanane, mnarudi mmeshiba. Na sisi wafanyakazi tukachaguliwa wanane. Dada wa utumishi akatutumia fomu kwenye simu, fomu yenye maswali kuliko ya mkopo wa benki.

Mimi mambo ya kula juu ya maji niliyoyajua ni mihogo ya kuchemsha na dagaa kwenye mtumbwi wa mjomba. Nikaona nisije nikaaibika, nikaingia YouTube kujifunza. Huko nikakutana na Queen Mary 2. Jamani. Kwenye ile meli kuna jioni za gala, ikifika saa kumi na mbili wanaume wanatinga suti nyeusi na tai ya kipepeo, na asiyetaka kuvaa hivyo anatafutiwa sehemu nyingine za kulia. Nikaangalia video tatu mfululizo. Kweli, wale wanavuka Atlantiki siku saba kutoka Southampton mpaka New York, sisi safari yetu ni saa tatu na popote ulipo unaiona nchi kavu. Halikunizuia hilo. Nikaenda duka la nguo za maharusi, nikakodi suti kwa elfu arobaini. Suti ya bwana harusi aliyeshiba; mimi mnanijua nilivyo. Tai ya kipepeo niliongezewa bure, nadhani kwa huruma.

Turudi kwenye fomu, maana kifo changu kilianzia pale.

Palikuwa na sehemu ya mlo: kawaida, halali, vegani, mzio (eleza). Kawaida sikuitaka, kawaida ndiyo maisha yangu ya kila siku. Halali nikajua imeshaeleweka, nchi hii kuku wote ni halali. Mzio nikaona ugonjwa. Ikabaki vegani. Nikaitazama. Ina V mbele. VIP ina V. VVIP ina V mbili. Nikaweka tiki.

Wewe unayecheka hapo Buzuruga, niambie wewe mwaka gani ulilijua hilo neno. Nimelisoma juzi baada ya maji kumwagika: limeundwa Uingereza mwaka 1944, maana yake mtu asiyekula chochote kinachotoka kwa mnyama. Hali nyama, hali samaki, hali yai, maziwa haonji, hata asali anawaachia nyuki wenyewe. Mimi Msukuma, nimelelewa kwa maziwa ya mtindi, kazi yangu samaki, nimesaini kwamba hivyo vyote sivitaki.

Mstari wa mwisho wa fomu sikuusoma kabisa.

Ijumaa saa kumi na moja na nusu nashuka kwenye bajaji pale gatini. Bosi amevaa shati la mikono mifupi. Wazungu wana kaptula. Jamaa wa kufungasha ana jezi. Mimi nimevaa kama nakwenda kumuoa mtu. Kabla sijameza hilo, kijana wa boti akanisogezea kapu: "Kaka, viatu humu. Sitaha ni ya mbao, hatukanyagi na viatu." Huo ndio ulikuwa mstari wa mwisho wa fomu.

Nikavua kimoja. Kidole gumba cha kulia kikatokeza kwenye soksi, chote mpaka shingoni, kikawasalimia wageni. Nikavua na cha pili, soksi ya bluu, wakati mwenzake nyeusi. Nikazivua zote mbili harakaharaka nikazikunja, nikazitia mfuko wa koti wa kulia. Mfuko wa kulia, mmesikia? Nikapanda boti na tai ya kipepeo, peku.

Mezani kila mtu ana kibao chenye jina. Changu kilichorwa jani la kijani. Nikajisemea, unaona sasa, V hiyo. Kibao kingine chenye jani kilikuwa cha jirani yangu, mama wa Kiholanzi, mke wa mnunuzi mkubwa. Mume anauza samaki nusu ya Ulaya, mke hagusi hata supu yake. Ndoa za watu tuziache. Kuliona jani langu akanishika mkono kwa furaha kama ndugu aliyepotea. Akaniuliza umeanza lini. Sikujua naulizwa nini, nikajibu tangu kuzaliwa. Machozi yakamlengalenga.

Sahani yetu ikaja. Karoti za kuchemsha. Maharage machanga ya kijani, yale marefu yasiyo na kitu ndani. Robo ya parachichi. Nikangoja. Nikadhani ni cha kufungulia kinywa. Upande wa pili wa meza wakapita na sato wa kuchoma, mzima mzima, ngozi imepasuka pasuka na mafuta yanachuruzika kwenye limau, ndizi pembeni, pilipili ya kusaga. Mhudumu alipofika kwangu akalitazama lile jani, akainamisha kichwa kwa heshima, akapita.

Akapita, ndugu zangu.

Mama akawa ananiuliza habari za ziwa. Nikamweleza huku pua imegeukia kwingine: kwamba sangara si mwenyeji, alipandikizwa miaka ya 1950, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, karibu awamalize. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema laiti sangara naye angekuwa vegani. Nilicheka kwa tumbo tupu. Tukakipita kisiwa cha Saanane, mtu wa boti akaeleza kwenye kipaza sauti kwamba ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na jina ni la mzee aliyekuwa mvuvi pale. Nikamwaza huyo mzee akiniona ndani ya ziwa lake, usiku, na karoti.

Saa moja na nusu nikaaga nakwenda msalani. Sikwenda. Nikazunguka tezi, nyuma ya jiko, ambako wahudumu wana jiko lao la mkaa na sufuria yao ya ugali wa udaga. Nikamwambia mpishi kwa Kisukuma kwamba kumetokea makosa ya kiofisi. Mpishi mtu mwema, mtu wa Ukerewe, hakuuliza. Akanikatia sato upande wa tumboni, akanifungia na mwingine kwenye karatasi ya foili. "Wabeja," nikasema, nikatia foili mfuko wa kushoto. Ule wa mkononi nikaubugia nimesimama, gizani, mafuta mpaka kwenye kiwiko cha bwana harusi.

Na hapo nisubirini, hapa naenda polepole kwa sababu hata usiku naota polepole hivi hivi.

Mdomo umejaa. Nasikia nyuma yangu, "Kaka, upo huku? Bosi anakuita mbele." Dada wa utumishi. Mtu mwenye akili angetema ziwani, maji hayo hapo, hatua moja. Lakini ule upande wa tumbo, wenye mafuta, wanaoujua wananielewa. Hautemwi. Nikameza wote kwa mkupuo.

Mkaguzi wa miba, miaka sita, nikameza bila kupitisha hata ulimi.

Ukakaa. Sato ana mwiba wa ubavuni, umepinda kama mundu. Ulikaa hapa, chini kidogo ya kidakatonge, ukajipachika pande zote mbili. Natembea kwenda mbele, kila hatua unanichoma. Nikafika, bosi ameshika kipaza sauti, ameweka mkono wake mmoja begani kwangu. Kumbe mama wa Kiholanzi amemsifia. Bosi anawaambia wageni: "Huyu ndiye mkaguzi wetu. Hali samaki! Hali hata yai! Mzigo wenu uko kwenye mikono ambayo haiwezi kudokoa." Makofi. Mama anapiga kwa nguvu kuliko wote. Nikakabidhiwa kipaza sauti.

Nikafungua mdomo niseme asante. Ikatoka "khhh".

Kwenye spika mbili. Ziwa limetulia, sauti ikaenda mpaka nadhani Bwiru.

Nikajaribu tena. "Khhh-ah." Machozi yananitoka (jamaa anasema nililia, yalikuwa machozi ya mwiba, ni tofauti). Mate yananijaa. Nikaona nijifute kistaarabu, nikaingiza mkono mfuko wa kulia nitoe leso. Nikafuta mdomo taratibu, kona hii, kona ile, kama wale wa Queen Mary 2. Nikahisi leso ina joto. Nikahisi ina kisigino. Nikaitazama, na wao wakaitazama. Soksi ya bluu.

Wazungu wakadhani ni mzio. Mama akasimama anapiga kelele waulizwe jikoni kama kuna karanga kwenye karoti. Lakini mtu wa ziwa hadanganyiki kwa ile sauti, tumelelewa nayo. Nahodha mwenyewe akachungulia kutoka juu: "Huyo ana mwiba huyo! Mpeni ugali!" Mpishi akaja mbio na tonge la udaga kubwa kama ngumi. "Meza, usitafune!" Nikameza. Bado. Tonge la pili. Mtu akanipiga mgongoni, pigo la kushusha jini, na kutoka mfuko wa kushoto ikadondoka foili. Ikabingirika. Ikafunguka yenyewe mbele ya miguu ya mama wa Kiholanzi, taratibu, kama zawadi, na mkia wa sato ukanyooka juu.

Kimya. Taa zinametameta.

Mama akauliza, kwa upole kabisa, mwiba wa nini? Hakuna aliyetaka kutafsiri. Bosi anatazama maji. Ndipo yule mshenzi wa kufungasha, kutoka kwenye kona yake, mdomo umejaa ndizi:

"Labda wa karoti."

Boti nzima ilicheka. Nahodha alicheka. Mpishi aliyenipa samaki kwa mkono wake alicheka akakaa chini.

Mengine mafupi. Tonge la tatu liliushusha. Duka la maharusi limenitoza elfu kumi na tano za harufu. Mama wa Kiholanzi kesho yake alinitumia salamu kupitia kwa mumewe kwamba siyo vibaya, safari huwa ina kuteleza, niendelee kujitahidi, bado anaamini. Bosi hajaniita ofisini na sijui kama hiyo ni heri au shari. Mke wangu kaniuliza swali moja tu, nani alinifulia zile soksi. Mpishi wa Ukerewe, kama unasoma hapa, sina kinyongo, ila siku nyingine nipe upande wa mgongoni.

Jumatatu nimefika mezani kwangu, nimevaa aproni, nimevaa glovu, mstari wote umenyamaza kuliko kawaida. Kwenye mzani wangu kuna karoti. Moja, imeoshwa, imefungashwa na kubandikwa lebo ya kiwanda, sehemu ya mkaguzi imeachwa wazi ikingoja nisaini.

Nikaipitishia vidole kuanzia shingoni kwenda mkiani. Mazoea tu. Nikasaini.