CIF Mombasa au FOB: hesabu ya mwagizaji wa Nakuru

Mfanyabiashara wa Nakuru anapoagiza kontena lake la kwanza la vipuri kutoka China, mara nyingi ankara huja imeandikwa CIF Mombasa, naye huipokea kwa utulivu akiamini kwamba mzigo ni dhamana ya muuzaji hadi utakapoteremshwa Kilindini. Sivyo. Chini ya Incoterms, masharti ya makabidhiano ambayo Chama cha Kimataifa cha Biashara, ICC, kilianza kuyatoa mwaka 1936 na ambayo toleo lake la sasa ni la 2020, muuzaji wa CIF hulipa nauli ya meli na bima hadi Mombasa, lakini hatari ya bidhaa kupotea au kuharibika humhamia mnunuzi mara zinapopakiwa melini kule zilikotoka. Likitokea la kutokea baharini, anayehangaika kudai fidia ni mtu wa Nakuru, tena kwa bima asiyoichagua, ambayo masharti hayo yanaruhusu iwe ya kiwango cha chini kisichogusa hata wizi.

Hata hivyo, wanaoitetea CIF hawakosi hoja. Mwagizaji wa kontena moja moja hana wakala Guangzhou wala ubavu wa kubishana bei na kampuni za meli, ilhali kiwanda kinachosafirisha shehena kila wiki hupata nauli nafuu. Isitoshe, kununua kwa FOB, ambapo mnunuzi hujitafutia meli na bima, hakumpunguzii ushuru: forodha ya Kenya hukokotoa thamani kwa kujumlisha bei, nauli na bima, bila kujali ni nani aliyezilipa.

Ila nauli iliyofichwa ndani ya bei haikaguliki. Muuzaji anaweza kumchagua msafirishaji anayemtoza yeye kidogo, kisha msafirishaji huyo akazifidia fedha hizo kwa ada za upokezi anazodaiwa mnunuzi mzigo ukishafika, na hapo hakuna tena nafasi ya kukataa. Kuhusu bima, sheria yenyewe imekwisha kuegemea upande mmoja, kwa kuwa tangu mwaka 2017 serikali imekuwa ikimtaka mwagizaji aikatie shehena bima kwa kampuni iliyosajiliwa Kenya. Anayenunua kwa CIF hujiweka katika nafasi ya kulipia bima mara mbili.

Wengi wamekimbilia CFR, ambayo ni CIF iliyoondolewa bima. Naiona kuwa njia ya kati inayofaa kwa anayeanza, lakini ina mtego wake: kwa kuwa hatari humhamia mnunuzi kwenye bandari ya upakiaji, bima ni lazima iwe imekatwa kabla ya meli kupakiwa. Cheti kinachonunuliwa meli ikiwa imekaribia Mombasa, ili tu karatasi za forodha zitimie, kinaiacha karibu safari yote bila kinga. Mwenye mizigo ya mara kwa mara ahamie FOB na awe na wakala wake mwenyewe.

Kwa wauzaji wetu hesabu hugeuka. Anayesafirisha parachichi kwa kontena la baridi chini ya FOB Mombasa hubeba hatari hadi mzigo upakiwe melini, yaani siku zote ambazo kontena linasubiri meli, hata kama tayari liko mikononi mwa msafirishaji aliyechaguliwa na mnunuzi. Mtambo wa baridi ukizimika yadini, hasara ni yake. Ndiyo sababu ICC huelekeza kontena ziuzwe kwa FCA, ambapo wajibu wa muuzaji huishia anapomkabidhi msafirishaji mzigo mahali palipotajwa. Hali kadhalika maua ya Naivasha, yanayosafiri kwa ndege: FOB ni ya meli tu, ingawa ankara za sekta hiyo bado huiandika. Mnunuzi wa Ulaya, naye, ana sababu ya kuing'ang'ania, kwani inamwachia mkulima hatari kwa muda mrefu zaidi.

Kisumu nako huonekana ankara za "CIF Kisumu" kwa kontena linalofika kwa lori kutoka Mombasa. Sharti hilo ni la safari ya majini hadi bandari iliyotajwa. La safari hii ni CIP Kisumu, ambapo muuzaji hulipa usafiri wa njia yoyote pamoja na bima, na ambalo tangu toleo la 2020 humdai bima pana kuliko ya CIF, au DAP Kisumu, ambapo hatari hubaki kwake hadi lori lifike.