"Bei njoo DM" si ujanja mtupu

Weka picha ya kiatu kizuri Instagram uone: "bei?" thelathini chini yake, na majibu thelathini, "nimekujibu DM, dia," yaani kwenye ujumbe wa faragha. Wanunuzi wamechoka. Wanasema anayeficha bei anapima mfuko wa mtu kwanza; akikukuta kwenye picha umeegemea gari, bei inapanda. Hilo lipo, tusidanganyane.

Ila wengi wanaotuuzia huko hawana duka wala stoo. Ni mawinga. Asubuhi yuko Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anapiga picha mzigo wa mwenye duka na kuuposti. Akipata mteja ndipo anaufuata, juu anaweka chake, tuseme elfu tatu. Akitaja bei hadharani, winga mwenzake mwenye picha ya kiatu kile kile anapunguza buku tu, mteja kahama. Halafu, ni lini uliingia duka la Kariakoo ukakuta kila kiatu kimebandikwa bei? Tunauliza, tunashtuka, tunageuka kama tunaondoka, tunaitwa. Hayo hayo ndiyo yanayofanyika DM.

Tatizo ni mteja aliyeko Mwanza. Yeye akigeuka hakuna anayemwona. Analipa kwanza kwa simu, kisha anangoja kifurushi kinachopandia basi stendi ya Mbezi, Dar. Ndiyo maana siku hizi picha haimtoshi: anataka video, tena utaje jina lake humo. Muuzaji naye anapiga picha risiti ya mzigo na namba ya basi, anazirundika status. Rundo hilo ndilo leseni yake. Wafuasi elfu hamsini wananunulika. Risiti za basi za kila wiki ni ngumu kidogo kuzighushi, ingawa matapeli nao huiba picha za wenzao.

Na winga huyu tunayemwona mjanja hata kibanda si chake. Jioni ya 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika pamoja kwa saa kama sita, dunia nzima. Mwenye duka alikuwa anateremsha shata zake kama kawaida. Winga ndiyo kwanza alikuwa anafungua, maana wateja wake hushika simu wakishatoka kazini, na wengi anawajua kwa majina ya Instagram tu. Namba hana.

Kwa simu mpya ya boksi, ambayo bei yake inajulikana mji mzima, sioni sababu ya kuficha. Kiatu cha winga nitakifuata DM, na nitaanzia nusu.